Crawford Notch: kutafuta aliposimama Thomas Cole

Kutoka North Conway, New Hampshire, tulishika barabara ya 302 tukiufuata mto Saco, kama kilomita 40, hadi milima ilipotubana pande zote mbili: hapo ndipo Crawford Notch, njia nyembamba kati ya milima. Nilitaka kupaona mahali alipopachora Thomas Cole, mchoraji wa mandhari wa Marekani, mwaka 1839. Mchoro wenyewe uko National Gallery of Art, Washington: rangi za mafuta, upana wa zaidi ya mita moja na nusu.

Wageni wengi husimama kwenye eneo la nyumba ya akina Willey, familia iliyoishi hapa, wakidhani ndiyo iliyochorwa. Siyo, ingawa kisa chake ndicho kilichoipa njia hii umaarufu. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1826, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka. Mume, mke, watoto watano na vibarua wawili walitoka mbio, wakafunikwa wote. Nyumba ilisalia nzima, kwa sababu mwamba wa nyuma yake uliugawa udongo ukapita kando. Baada ya hapo watalii wakaanza kumiminika.

Nyumba aliyoichora Cole ni Notch House, nyumba ya wageni ya akina Crawford, nayo ilikuwa juu zaidi. Endelea kilomita 5 hivi hadi kituo cha zamani cha treni, egesha gari, vuka barabara mpaka kwenye kiziwa cha Saco, kisha tazama kusini. Nyumba haipo tena, na pengo la miamba lilipanuliwa: reli ilipita hapa mwaka 1875. Lakini mpangilio wa milima unautambua papo hapo. Kwenye mchoro, mpanda farasi anaelekea nyumbani na gari la farasi linaondoka. Mbele kabisa, visiki. Usivipite haraka. Ni miti iliyokatwa na watu, na Cole aliuonea uchungu sana msitu uliokuwa ukifyekwa.

Nyuma ya kituo huanzia njia ya Mount Willard, kilomita 2.6 kwenda juu. Mandhari yake ni ya ajabu, ila unalitazama bonde kutoka juu, siyo alivyolitazama Cole. Viatu viwe vya kushika. Mizizi na mawe huteleza.

Kwa rangi za majani, nenda mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, siku ya kazi, maana wikendi maegesho hujaa mapema. Picha piga alasiri: asubuhi jua liko nyuma ya Mount Webster, mlima wa upande wa mashariki, na ukuta wake wote unakuwa kivulini.