Siku moja maishani mwangu: mto mwembamba kuliko pikseli mbili

Saa 11:30 alfajiri

Niliamka kabla ya kengele. Huu ndio muda ninaoandika, kwa sababu kichwa bado hakijaguswa na mambo ya watu. Nasoma shahada ya uzamili ya jiografia, masomo ya darasani yamekwisha, kilichobaki ni tasnifu. Sijaanza hata sura ya kwanza. Niko kwenye pendekezo la utafiti, kurasa 12 nilizoziandika upya mara nne.

Swali langu lilisomeka hivi: kingo za mto zimehamaje kwa miaka 40? Niliongeza aya moja kuhusu mipindo. Upande wa nje wa pindo maji hukimbia kwa nguvu na kuula udongo. Upande wa ndani hupunguza mwendo na kutua mchanga yaliyoubeba. Ndiyo maana mto wa tambarare hautulii mahali pamoja. Aya hiyo ilinitoka vizuri na niliipenda.

Saa 2 asubuhi

Maktaba, mapitio ya maandishi. Nilikuwa nasoma juu ya daktari John Snow na ramani yake ya kipindupindu cha London mwaka 1854, ile iliyoonyesha vifo vimesongamana karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Nimeiona mara nyingi tangu shahada ya kwanza, lakini safari hii nilitazama kitu kingine: vifo vimewekwa alama nyumba kwa nyumba. Angevijumlisha kwa wilaya nzima, pampu isingeonekana kabisa. Niliandika hilo kwenye daftari, nikafunga kitabu, nikaenda kumwona msimamizi.

Saa 4 asubuhi

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, karibu ukae."

Pendekezo langu lilikuwa mezani kwake, hakulifungua. Aliniuliza mto ninaotaka kuupima una upana gani. Nikamwambia mita 45 hivi, katika sehemu ya juu niliyoichagua.

"Na pikseli moja ya picha zako?"

Picha zangu ni za Landsat, satelaiti za Marekani zinazopiga picha za dunia. Pikseli, yaani kimraba kidogo kabisa cha picha, ni mita 30 kwa 30.

Akatoa karatasi ya miraba, akanipa penseli. "Kila mraba ni pikseli. Nichoree mto."

Nilichora. Mto ulipita kwa mshazari, kama mito inavyopita, na karibu kila mraba ulioguswa ukawa na maji kiasi na nchi kavu kiasi. Miraba iliyojaa maji matupu ilihesabika. Satelaiti haioni mstari ule wa penseli. Huupa kila mraba thamani moja tu, mchanganyiko wa maji, matope na majani. "Sasa niwekee kidole kwenye ukingo," akasema. Nilitafuta pa kuweka kidole, sikupapata.

Akaendelea taratibu. Ukingo ukiliwa mita moja kwa mwaka, kwa miaka 40 ni mita 40, hata pikseli mbili hazijatimia. Na picha mbili zikipishana nusu pikseli tu wakati wa kuzilinganisha, tayari ni mita 15 za uongo.

"Swali lako ni zuri," alisema. "Lipeleke mahali ambapo data inaweza kulijibu."

Saa 6 mchana hadi saa 10

Nilikuwa nimeipenda Landsat kwa urefu wa kumbukumbu zake: satelaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 picha zote hupatikana bure. Sentinel-2, satelaiti za Ulaya, ina pikseli za mita 10, lakini ilianza mwaka 2015, na kwa mto unaokula mita moja kwa mwaka, miaka hiyo haitoshi. Ukitaka miaka mingi unapoteza undani, ukitaka undani unapoteza miaka. Ramani ya kipimo cha 1:50,000 nayo haikunisaidia, maana milimita moja ni mita 50. Mto wangu wote unafichwa na ncha ya penseli butu.

Basi nikashuka na mto. Nilifungua QGIS, programu ya ramani, nikaufuata mpaka tambarare ya chini ambako upana unafika mita 180 na pembeni kuna maziwa yaliyopinda kama upinde, mabaki ya njia za zamani. Nilichukua picha ya 2001 na ya 2021. Ya kwanza ni ya Landsat 7, kabla kifaa chake hakijaharibika Mei 2003 na kuacha mistari mitupu kwenye kila picha. Zote mbili ni za mwezi uleule wa kiangazi, jambo ambalo ningeomba kila anayepima mito alishike: maji yakijaa, ukingo huonekana umehama kumbe ni mafuriko tu.

Nikaweka picha moja juu ya nyingine, nikakuza pindo la pili, nikahesabu. Pikseli saba. Mita 210 kwa miaka 20. Nilihesabu tena kutoka upande wa pili, zikawa saba. Moyo ulinidunda.

Saa 10 jioni

Fomu ya kibali cha utafiti. Kwenye hojaji ilibidi nibadilishe jina la kijiji tu. Maswali kwa wazee kuhusu mashamba yaliyomezwa na mto niliyaacha yalivyo, maana wao wanakumbuka miaka ambayo hakuna picha.

Saa 1 usiku

Niliifuta sehemu ya eneo la utafiti, kurasa tatu nilizozihangaikia mwezi mzima. Iliniuma. Miaka 40 imekuwa 20, mto mzima umekuwa mipindo sita, na swali sasa linauliza ni pindo lipi limehama zaidi na kama miti ya ukingoni imelizuia. Pale penye mbinu niliongeza sentensi moja inayosema mabadiliko yoyote chini ya pikseli mbili sitayahesabu.

Saa 4 usiku

Nimemtumia Profesa kurasa mpya pamoja na picha ya pindo la pili. Karatasi yake ya miraba nimeibandika ukutani juu ya meza. Kesho naanza na pindo la tatu. Nimeshalitazama, na lina msitu upande mmoja na shamba upande mwingine.