Trollinger, rozela ya Stuttgart

Nimekulia Dodoma, kwenye familia ya wakulima wa zabibu. Mvinyo mwekundu niliouzoea ni ule mzito unaokausha ulimi. Kwa hiyo siku ya kwanza kuwekewa Trollinger, mvinyo mwekundu wa hapa Stuttgart, Ujerumani, nikanyanyua glasi nikaona vidole vyangu upande wa pili, nikajua nimeuziwa uliochakachuliwa. Nilikaa mwaka mzima nikiusema vibaya.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja wa karakanani kwetu. Alinipeleka Uhlbach, kijiji cha mizabibu kilichomezwa na jiji, kwenye kile wanachokiita Besen, yaani ufagio. Mkulima akitundika ufagio mlangoni, ujue anauza mvinyo wake mwenyewe humo ndani. Sheria inamruhusu miezi minne tu kwa mwaka na viti visizidi 40, basi mnabanana kama kwenye daladala na jirani wa mezani utamsalimu utake usitake.

Wananywea glasi nene ya robo lita, yenye mkono kama kikombe cha chai. Habari za kuzungushazungusha na kunusa huku umefumba macho hazipo. Mvinyo unakuja na ubaridi kidogo, una uchachu wa cheri na nyuma yake kauchungu kadogo ka lozi. Ukakasi ni wa kutafuta. Zikaja Maultaschen, tambi pana zilizofungwa nyama na spinachi ndani, pamoja na saladi ya viazi yenye siki. Mvinyo wetu wa Dodoma ungegombana na ile siki (Mungu anisamehe). Trollinger ilipita nayo hadi sahani ikaisha.

Wepesi wake unatokana na zabibu yenyewe: punje kubwa, zenye maji tele. Waingereza wanaiita Black Hamburg na wanaila kama tunda. Mzabibu mkongwe wa kasri la Hampton Court, uliopandwa 1768, ni wa aina hiyohiyo.

Baba alipokuja kunitembelea niliiweka chupa kwenye friji nusu saa, nikammiminia. Akaitazama kwenye mwanga wa dirisha.

“Mwanangu, hii si rozela?”

Sikumjibu. Nikampakulia viazi. Kufika katikati ya sahani, akasukuma glasi upande wangu bila kunitazama.

“Ongeza hiyo rozela yako.”