Kilomita 13 Chini ya Magenge ya Capitol Reef

Kati ya hifadhi 5 za taifa zilizopo katika jimbo la Utah nchini Marekani, Capitol Reef ndiyo ambayo wageni wengi huifanya kuwa mahali pa kupita tu. Wanakuja kutoka Zion na Bryce Canyon upande wa magharibi, wanaelekea Arches na Canyonlands upande wa mashariki, na barabara kuu ya jimbo namba 24 inawavusha katikati ya hifadhi bila kudaiwa kiingilio. Husimama kidogo kwenye kituo cha wageni, wakapiga picha za magenge mekundu, wakaendelea na safari. Nimeishi Salt Lake City kwa muda wa kutosha kuzifahamu hifadhi hizo zote, na ndugu akinijia kutoka nyumbani akiwa na nafasi ya kuona korongo moja tu la jangwani, Capitol Reef ndipo ninapompeleka. Zion ni nzuri, sina ubishi, lakini tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya mwaka magari binafsi hayaruhusiwi kwenye barabara ya korongo lake, na mgeni hupanda basi la hifadhi pamoja na umati. Capitol Reef unaendesha gari lako mwenyewe, unasimama unapotaka, na hakuna anayekuhimiza kuondoka.

Safari hii nilikuwa na dada yangu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari. Mimi niliendesha, yeye akashika kijitabu cha mwongozo kinachopatikana kituo cha wageni na kunisomea kwa sauti maelezo ya kila mahali pa kusimama. Huo ndio utaratibu wa Scenic Drive, barabara ya mandhari inayochepuka kutoka barabara kuu na kuingia ndani ya hifadhi: hakuna kiongozi wa msafara wala ratiba, na gari dogo la kawaida linatosha iwapo hali ya hewa ni nzuri. Lami ina urefu wa kilomita 13 hivi kuelekea kusini, kisha unarudi kwa njia ile ile. Mtu mwenye haraka anaweza kuimaliza kwa muda mfupi sana na kuondoka akiamini kwamba ameiona hifadhi, nami nadhani hapo ndipo wengi wanapopunjika, kwa sababu uzuri wa njia hii umo katika vipande viwili vya barabara ya vumbi vinavyochepuka kutoka kwenye lami na kuingia ndani ya mwamba.

Ili kuelewa kwa nini iwe hivyo, ni lazima kwanza kufahamu umbo la mahali penyewe. Capitol Reef imejengeka juu ya mkunjo mmoja mkubwa wa miamba uitwao Waterpocket Fold, wenye urefu unaokaribia kilomita 160. Kati ya miaka milioni 70 na milioni 50 iliyopita, misukosuko iliyoinua milima ya magharibi mwa Amerika Kaskazini iliuamsha ufa wa kale uliokuwa umezikwa chini sana ardhini. Upande wa magharibi ukanyanyuka kuliko ule wa mashariki, na matabaka ya mawe yaliyokuwa juu yake, badala ya kukatika, yakapinda kama mkeka uliotandikwa juu ya kipandio cha ngazi. Tofauti ya kimo kati ya pande hizo mbili inazidi mita 2,100. Baadaye uwanda mzima uliinuliwa, mito ikaongezewa kasi, na mmomonyoko ukala sehemu ya juu ya mkunjo hadi matabaka yake yakabaki yamechongoka hewani, yote yakilalia upande wa mashariki.

Sasa barabara ya lami inafuata chini ya ukingo wa magharibi wa mkunjo huo, sambamba nao, kwa hiyo kwa kilomita zote hizo mkono wako wa kushoto una matabaka yale yale kwa mpangilio ule ule. Njia mbili za vumbi, kwa upande mwingine, zinaukata mkunjo kwa upana. Kwa kuwa matabaka yanainamia mashariki, kila unapozidi kuingia ndani ndipo unapokutana na mawe ya umri mdogo zaidi, ingawa barabara yenyewe inateremka. Dada alinitaka nisimamishe gari alipoling'amua jambo hilo. "Mdogo wangu, hebu simama," alisema, akatoa kalamu na kuchora mkunjo nyuma ya kijitabu, kisha akaweka mshale mahali tulipokuwa. Mchoro ule ulituongoza vizuri kuliko maelezo yoyote mengine tuliyokuwa nayo.

Lakini kabla ya magenge, unapita Fruita, na sidhani kama kuna mtu anayepaswa kuipita bila kushuka. Hapa, ambapo mvua ya mwaka mzima ni milimita 200 hivi, walowezi wa Kimormoni, wafuasi wa dhehebu la dini lililoanzia Marekani, walifika katika miaka ya 1880, wakachimba mifereji kutoka Mto Fremont na kupanda miti ya matunda: cheri, aprikoti, pichi, pea, plamu na matofaa. Haikuwahi kuzidi familia 10 hivi kwa wakati mmoja. Walijenga shule ya magogo mwaka 1896, ambayo ilifungwa mwaka 1941 na bado imesimama kando ya barabara kuu. Muda mrefu kabla yao, tangu mwaka 300 hivi hadi mwaka 1300 hivi, watu ambao wanaakiolojia huwaita Wafremont walilima mahindi na maharage kwenye bonde hili hili, na michoro waliyoichonga ukutani inaonekana karibu na shule hiyo. Bustani za walowezi sasa ni mali ya hifadhi, na wafanyakazi wake wanaendelea kuzipogoa na kuzimwagilia kwa mifereji. Msimu wa mavuno unapofika na kibao kikaonyesha kwamba bustani fulani imefunguliwa, mgeni anaruhusiwa kuingia na kula matunda akiwa humo humo bila malipo. Anayoyabeba ndiyo anayoyalipia. Cheri na aprikoti huanza kuiva mnamo Juni, pichi na pea hufuata Agosti, na matofaa huendelea hadi Oktoba. Katika nyumba ya familia ya Gifford, iliyojengwa mwaka 1908 na kuuzwa kwa serikali mwaka 1969, zinauzwa pai za matunda, nami nashauri ununue asubuhi kwa kuwa mchana unaweza kukuta rafu tupu.

Ukishatoka Fruita, magenge yanaanza. Tabaka la chini kabisa, lenye rangi ya kahawia iliyokolea, linaitwa Moenkopi, na lina umri wa miaka milioni 240 hivi. Lilikuwa tope la pwani tambarare ambako maji ya bahari yalikupwa na kujaa, na ushahidi wake unaweza kuugusa kwa kiganja: kwenye vipande vya mawe yaliyoporomoka kandokando ya njia kuna matuta madogo yaliyopangana, upana wa kidole, yale yale unayoyaona ufukweni maji yakishatoka. Kati ya matuta hayo na tabaka linalofuata hupita mistari myeupe ya jasi, myembamba, inayong'aa ukiielekeza kwenye jua. Juu yake kuna Chinle, tabaka laini la kijivu, zambarau na kijani lenye majivu ya volkano yaliyogeuka kuwa udongo unaovimba ukinyeshewa, na ndani yake hupatikana miti ya kale iliyogeuka mawe. Juu ya Chinle ndipo unaposimama ukuta wa Wingate, mchangamawe mwekundu uliokatika wima kama alama ya hifadhi nzima. Ukuta huo husimama wima kwa sababu ya ulaini wa ulichokalia: Chinle inapomomonyoka, Wingate hukosa msingi, ikapasuka na kuanguka kwa mapande makubwa, na uso mpya unabaki umenyooka.

Njia ya kwanza ya vumbi huingia korongo la Grand Wash. Mlangoni mwake, ubavuni mwa kilima cha Chinle, kuna mgodi wa zamani wa urani uitwao Oyler, ambao matundu yake yamezibwa kwa nondo. Ulichimbwa mwanzoni mwa karne ya 20, enzi ambazo watu waliamini kwamba mawe yenye mionzi yakilowekwa au kufungwa kiunoni yanatibu baridi yabisi. Sijui nicheke au niwahurumie. Mbele kidogo kuta za Wingate zinakubana pande zote mbili, na juu kabisa kuna tao la mwamba lililopewa jina la Butch Cassidy, jambazi wa treni na mabenki aliyezaliwa Utah mwaka 1866. Barabara inapoishia unaendelea kwa miguu, na ndipo mawe meupe ya Navajo, tabaka jingine lililo juu zaidi ya Wingate, ambayo ukiwa kwenye lami uliyaona kama makuba kileleni tu, yanaposhuka hadi kwenye unyayo wako.

Kurudi kwenye lami, njia inapanda hadi mgongo uitwao Slickrock Divide, unaotenganisha maji yanayokwenda Grand Wash na yale yanayokwenda Capitol Gorge, korongo lenye njia ya pili ya vumbi. Njiani hakosi mtu kujiuliza kuhusu mawe meusi ya duara yaliyotapakaa juu ya ardhi nyekundu bila kufanana na chochote kilicho karibu. Ni mawe ya volkano kutoka Boulder Mountain, mlima ulio upande wa magharibi, yaliyobebwa hadi huku na maporomoko ya tope na mafuriko katika zama ambazo mlima huo ulikuwa na barafu.

Capitol Gorge ni mwisho wa safari na, kwa maoni yangu, ndiyo sababu ya kuja. Barabara ya vumbi inaingia kwenye mkondo mkavu wenyewe, siyo kando yake, na kuta zinasogeleana hadi unalazimika kuinamisha kichwa ili uone anga kupitia kioo cha mbele. Kwenye kuta za Wingate kuna mamia ya vishimo vilivyotobolewa na unyevu na chumvi, vingine vimeungana kama masega ya nyuki, na kutoka juu imeteremka michirizi myeusi ya manganizi na chuma, ambayo hujijenga taratibu mno juu ya uso wa jiwe. Ni vigumu kuamini kwamba hii ilikuwa barabara kuu. Mwaka 1884 kundi la Wamormoni likiongozwa na Elijah Cutler Behunin lilifanya kazi ya siku kadhaa kuondoa mawe ili magari ya farasi yapite, na tangu hapo kila mafuriko yaliporudisha mawe na magogo, watu waliyaondoa tena. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1962, barabara ya sasa ya kando ya Mto Fremont ilipofunguliwa. Yaani, mtu aliyekuwa akisafiri kwa gari katika miaka ya 1950 kupitia eneo hili alikuwa akiendesha ndani ya mkondo wa maji.

Mahali magari yanapoishia sasa, unatembea mchangani kiasi cha kilomita moja hivi, na ukutani unakuta majina ya waliopita. La kale zaidi lina mwaka 1871, wa watafuta madini wawili walioandika J. A. Call na Wal. Bateman. Mengine ni ya walowezi, yamechongwa kwa herufi zenye mikia, kwa subira ya mtu ambaye farasi wake wanapumzika. Dada alisimama muda mrefu mbele ya jina moja akilisoma herufi kwa herufi. Leo kuchonga jina ni kosa la kisheria, na inaudhi kuona kwamba wapo wageni wa miaka ya karibuni waliokwangua yao juu ya yale ya zamani. Ukiendelea mbele na kupanda kidogo kushoto, utayafikia mashimo ya asili ndani ya mwamba yanayohifadhi maji ya mvua, ndiyo yaliyoupa mkunjo mzima jina lake. Usioshe mikono humo. Ndani wanaishi viumbe wadogo jamii ya kamba, ambao mayai yao huvumilia ukame hadi mvua nyingine.

Nisisitize jambo moja kuhusu mvua. Julai hadi Septemba ndiyo misimu ya ngurumo, na maji yanayoingia korongoni yanaweza kuwa yamenyesha mbali, ilhali juu yako jua linawaka. Mnamo Juni 2022, hata kabla ya misimu hiyo, mafuriko ya ghafla yaliyapiga magari ya wageni katika Capitol Gorge. Kwa hiyo ulizia hali ya hewa kituo cha wageni kabla ya kuingia kwenye njia za vumbi, na ukiona wingu zito upande wa magharibi, rudi kwenye lami. Wafanyakazi huzifunga njia hizo wanapoona dalili, nao hawafanyi hivyo kwa kukuharibia siku.

Kiingilio cha barabara hii ni dola 20 kwa gari, na risiti yake hutumika kwa siku 7. Bebeni maji ya kutosha na jazeni mafuta Torrey, mji mdogo ulio kiasi cha kilomita 18 magharibi, kwa sababu ndani ya hifadhi hakuna kituo cha mafuta. Kuhusu saa, ushauri wangu unapingana na ule wa wanaopenda kuwahi: fika Fruita asubuhi kwa ajili ya pai na bustani, pumzika jua likiwa la utosi, kisha anza barabara alasiri. Magenge yote yanatazama magharibi, hivyo asubuhi huwa kivulini na rangi zake hufifia, lakini ukiwa unarudi kutoka Capitol Gorge jioni, Wingate yote inapigwa na jua usoni.