Oili ya Pikipiki ya Baba: Nilivyolifuata Tone Hadi Lilipoanzia

Baba alipostaafu aliniachia pikipiki yake ya cc 125, injini ya zamani ya kupozwa kwa upepo. Ilikuwa imesimama bomani kwetu, karibu na Maseno, miaka miwili bila kuwashwa. Niliiteremsha Kisumu, nikabadilisha oili na betri, ikawaka. Wiki ya kwanza tu doa jeusi likaonekana kwenye ploti tunayoishi Migosi, na mama mwenye nyumba akaniita kando: "Mwalimu, hii piki yako inaniharibia simenti." Nikaweka kadibodi chini yake. Siku ya nne nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikashtuka, kwa kuwa ilikuwa imeshuka chini ya alama ya mwisho. Injini hii hubeba lita moja hivi. Haina akiba ya kupoteza.

Fundi wa kwanza aliinama, akatazama dakika mbili, akasema gaskiti ya kava ya klachi, ile karatasi inayoziba kati ya vyuma viwili, imekufa. Akafungua, akapaka silikoni nyingi, akafunga. Kesho yake kadibodi ililowa palepale. Upande wote wa chini wa injini ulikuwa umegandamana oili na vumbi, kwa hiyo pale hapakuwa na cha kuonekana. Alibahatisha, nami nikalipia kubahatisha kwake.

Nikaamua kuifanya mwenyewe, taratibu. Oili haikai pale inapotokea: pikipiki ikitembea upepo huisukuma nyuma, ikisimama huteremka, hivyo tone linaloangukia karibu na gurudumu la nyuma linaweza kuwa limetoka juu kabisa kwenye kava ya vali. Jumamosi nikaisugua injini nzima kwa brashi na mafuta ya taa, nikaiosha kwa sabuni ya unga, nikaiacha ikauke juani hadi adhuhuri. Kisha nikachukua poda ya mtoto nikainyunyizia kila panapoungana vyuma: kava ya vali, shingo ya silinda, kava zote mbili, nati ya kumwagia oili. Nikaendesha hadi Kisian na kurudi, mwendo wa kawaida.

Poda haifichi kitu. Upande wa klachi ulikuwa mweupe vilevile. Silinda, nyeupe. Upande wa kushoto, nyuma ya ile kava ndogo inayofunika spoketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta cheni, poda ilikuwa imegeuka tope jeusi. Watu wengi hupita hapo wakidhani ni oili ya cheni, nami nilikuwa mmoja wao. Nikatoa kava, nikakwangua uchafu, nikaweka pikipiki kwenye stendi kubwa, gia huru, nikaiwasha. Mikono iwe mbali na cheni hapo. Baada ya dakika chache tone likatokeza pembeni mwa shafti inayobeba spoketi, kwenye mdomo wa sili, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke.

Sili nilinunua sokoni Kibuye kwa mzee anayeuza spea za pikipiki za zamani. Usiende dukani na jina la pikipiki peke yake. Nambari zilizoandikwa usoni mwa sili ni kipenyo cha ndani, cha nje na unene, kwa milimita, na hizo ndizo nilizomsomea. Alipokuwa akinipa aliniuliza, "Kijana wangu, umeangalia kama injini inapumua?" Nikasema ndiyo, bila kujua anauliza nini.

Kuitoa ile ya zamani kulinichukua saa nzima. Mpira wake ulikuwa mgumu kama kucha. Niliichokoa kwa bisibisi kidogo kidogo nikichunga nisikwaruze shafti, kwani mkwaruzo mmoja hapo utaivujisha hata sili mpya. Kabla ya kuingiza nyingine nilifunga meno ya shafti kwa nailoni ya mkate ili yasikate mdomo wake, nikapaka grisi, upande wenye springi ukaingia ndani, nikaigonga polepole kwa kipande cha bomba chenye upana uleule ili iende sawasawa pande zote.

Siku kumi, kadibodi kavu. Siku ya kumi na moja, tone.

Hapo ndipo swali la mzee liliponirudia. Pistoni inaposhuka husukuma hewa iliyo chini yake, na gesi kidogo hupenya kando ya ringi kila mara. Hewa hiyo ina njia yake ya kutokea, mpira mwembamba unaoteremka nyuma ya injini. Ukizibwa, shinikizo hutafuta mahali palipo dhaifu, na mahali hapo huwa ni sili. Nikauchomoa mpira nikaupuliza kwa mdomo. Haukupitisha chochote. Nikaukata inchi mbili kutoka chini: udongo mkavu, umejengwa vizuri, na ndani yake ganda la mdudu. Katika ile miaka miwili bomani, nyigu alikuwa amejenga nyumba humo.

Niliweka mpira mpya, na sili sikuigusa tena. Haijavuja tangu siku hiyo, na sasa ni karibu miezi mitano, kila siku nikipanda Maseno na kushuka, kilomita 25 kila upande. Mwisho wa mpira nimefunga kipande cha wavu wa chujio la chai.

Nilipomwaga oili mara iliyofuata nilikuta vipande vya silikoni ya yule fundi vimenasa kwenye chujio la waya. Vingezidi kidogo, injini ingekosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Hilo liliniogopesha kuliko kuvuja kwenyewe, na kava ya klachi nimeifungua upya nikaiwekea gaskiti ya karatasi.

Nilirudi Kibuye kumshukuru mzee. Nikamwonyesha kile kipande cha mpira chenye udongo, akakigeuzageuza mkononi, kisha akakiweka kaunta, karibu na boksi la sili, ili wateja wakione.