Picha kubwa na mshono unaoonekana

Baba yangu hulala mbele ya televisheni. Mpira analala, taarifa ya habari analala, na tamthilia za Kituruki ambazo mama hataki mtu akohoe, yeye huwa keshakoroma zamani. Nilipokwenda Kojani, Pemba, kuwaangalia, nilichukua flashi yenye picha nne tano, nikamwekea Avatar: The Way of Water kwa kuwa nilijua ina bahari. Picha ile ni masaa 3 na dakika 12. Baba hakulala.

Baba alikuwa mpiga mbizi. Kakwenda dago, kambi za wavuvi za ugenini, Unguja, Tanga, mpaka pwani ya Kenya, na kazi yake chomboni ilikuwa kushuka chini kuwaswaga samaki waingie wavuni. Masikio yake yameharibika kwa kazi hiyo. Kwa hivyo nilikaa ubavuni kwake nikimtafsiria kwa sauti kubwa, mpaka tukafika pale familia ya Jake Sully, watu wa msituni, imekimbilia kwa watu wa miambani, na binti wa hao watu wa bahari anamfunza kijana mgeni kuvuta pumzi kutoka chini ya tumbo na kuutuliza moyo. Baba akanigusa goti. "Nyamaza mwanangu, hapo naelewa." Akatazama somo lile mpaka mwisho, halafu akasema, "Huyu kafunzwa na mtu anayejua."

Kafunzwa kweli. James Cameron, mwongozaji wa picha ile, hakutaka waigizaji wake waning'inizwe kwa kamba studio wakijifanya wanaogelea. Alijengesha tangi kubwa la maji akawatia ndani. Mitungi ya hewa hawakupewa, maana mapovu yanazichanganya kamera zinazonasa mwendo wa mwili, na juu ya maji vilitandazwa vitufe vidogo vyeupe ili mwanga wa taa usipenye chini ukaharibu kazi. Basi ikabidi watu wazima, wengine nyota wakubwa, wafundishwe kubana pumzi. Kate Winslet alifika zaidi ya dakika 7. Nilimhadithia baba haya asubuhi yake kwenye chai. Akauliza, "Hizo dakika saba kakaa tu, au anafanya kazi?" Sijapata kusoma uhakiki wa filamu wenye swali zuri kuliko hilo.

Mimi mwenyewe bahari niliwaachia kaka zangu. Ni fundi cherehani, niko Kikwajuni, mjini Unguja, nashona magauni ya harusi, madera na nguo za Sikukuu, na simu yangu husimama ubavuni mwa cherehani ikicheza picha tangu asubuhi. Kubwa za miaka hii karibu zote nimeziona, nyingine mara tatu nne. Na wateja wanaonikuta natazama wana hukumu moja: "Ah, mapicha ya siku hizi kompyuta tupu." Hukumu hiyo naipinga kwa moyo wangu wote.

Ile Avatar iliyomzuia baba kulala, karibu yote imetoka kwenye kompyuta. Ngozi ya buluu, mikia, wanyama wa baharini wanaopandwa kama punda, hakuna hata kimoja kilichopo duniani. Lakini baina ya ile ya kwanza ya 2009 na hii ya 2022 imepita miaka 13, na miaka hiyo unaiona ndani ya maji. Chukua sasa The Flash ya 2023. Mwanzoni tu mwa picha hospitali inaporomoka, watoto wachanga wanaanguka kutoka juu, na stelingi anakwenda mbio kuwadaka mmoja mmoja. Nyuso za wale watoto zimekaa kama mshumaa uliopata joto. Mwongozaji wake alieleza kuwa ilikusudiwa ionekane hivyo, kwa sababu tunatazama kwa macho ya mtu mwenye kasi ile. Sikubali. Mshono uliopinda naujua, hata fundi akiuita mtindo.

Naujua kwa sababu najua unavyopinda. Kumi la mwisho la Ramadhani kwangu halina usiku. Nguo zimerundikana mpaka juu ya kabati, watu wanaanza kuja baada ya tarawehe, na daima yupo mmoja ambaye nguo yake imekwisha, imepigwa pasi, anataka mikono ibadilishwe kwa kuwa kaona ya mwenzake. Mikono yangu ni ileile inayoshona sawasawa mwaka mzima. Usiku ule inakosea. Bitana inavuta, pindo la upande mmoja linashuka, na wewe unajua, lakini mwenye nguo kakaa hapo juu ya kigoda anakusubiri.

Kwa hivyo Septemba 2023, niliposoma kwamba mafundi wa athari za picha, wale wa kazi za kompyuta, walioajiriwa na Marvel, kampuni ya picha za mashujaa, wamepiga kura kuunda chama cha wafanyakazi, wote, bila hata mmoja kupinga, niliacha kushona nikaisoma habari ile mara mbili. Mafundi wa kazi hiyo walikuwa wakilalamika kwa muda mrefu: saa nyingi mno, watu wachache, na mabadiliko yanayoletwa mwishoni kabisa, wakati tarehe ya kutoka picha haisogei. Nikasema, hawa ni mafundi wenzangu. Novemba yake ikatoka The Marvels, na ikaingiza pesa kidogo kuliko picha yoyote ya mlolongo ule tangu uanze 2008. Magazeti yakasema watazamaji wamechoka na mashujaa. Mimi mashujaa nawataka bado. Nilichochoka nacho ni nguo iliyoshonwa usiku wa kuamkia Sikukuu na kuuzwa kwa bei ya harusi.

Tazama Top Gun: Maverick. Wale waigizaji walipakiwa kweli kwenye ndege za kivita, wao kiti cha nyuma, rubani wa jeshi mbele, na kamera zimefungwa ndani humo. Ndege inapogeuka unaona shavu linavutwa chini na jicho linatafuta pa kushika. Hadithi yake ni ya kawaida, mtu yeyote anaweza kuitabiri. Lakini zile nyuso haziongopi, na mimi nilibana kiti.

Sasa niseme ya Dune, maana hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ninayoidai zaidi.

Dune: Part Two niliivukia. Machi 2024, siku chache kabla ya mfungo, mimi na binamu yangu tulipanda boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam, tukaenda moja kwa moja Mlimani City, tukatazama, tukalala kwa dada yake Ilala, kesho yake tukarudi. Majirani walishangaa: nauli yote ile kwa picha? Lakini kuna kipande ambacho Paul, stelingi wake, anasimama peke yake juu ya tuta la mchanga, anamwita mnyoo mkubwa wa jangwani ili ampande kwa mara ya kwanza. Kwanza huoni kitu. Unasikia. Mlio unaanzia chini ya miguu, unapanda kwenye kiti, unakuingia kifuani, halafu mchanga wote mbele yako unaanza kwenda kama wimbi la kusi. Binamu yangu alinishika mkono akasahau kuuachia. Mwaka uliofuata picha ile ilipata Oscar ya sauti, na ya athari za picha pia, na nilifurahi kama nimepewa mimi.

Na kuna siri moja ya ufundi wao ambayo fundi cherehani yeyote ataielewa. Picha nyingi hupigwa mbele ya pazia la kijani au buluu, baadaye kompyuta ikaliondoa na kuweka mandhari. Walipotengeneza Dune ya kwanza, ile ya 2021, walitumia mapazia ya rangi ya mchanga. Sababu ni kwamba rangi ya kitambaa hupanda usoni. Mfunike mtu kijani kibichi karibu na shingo, ngozi yake itachukua ukijani, na utamwona kama mgonjwa hata akiwa mzima. Mimi huwaambia maharusi hilo kila siku, na wengine hukasirika. Kwa pazia la mchanga, mwanga unaorudi usoni kwa muigizaji ni mwanga wa jangwa, na jicho lako linaamini bila kujua kwa nini limeamini.

Dai langu ni la maneno. Mwongozaji, Denis Villeneuve, kapiga picha ile Jordan na Abu Dhabi, na kila dakika chache linaingia neno ambalo sisi tuliopita chuo cha Kurani tunalijua. Mahdi. Lisan al-Gaib: lisani ni ulimi, ghaibu ni kisichoonekana. Paul anapewa jina la Usul, nasi tunasema usuli. Anajichagulia Muad'Dib, jina la panya wa jangwani katika hadithi ile, na mimi nasikia muadibu, mwenye kutia watu adabu. Nilipokuwa nimekaa gizani pale, maneno hayo yalikuwa yananifikia mimi kabla ya tafsiri, na ilikuwa raha kubwa. Lakini ghaini, ile herufi ya Kiarabu, imepotea kabisa midomoni mwao, na miongoni mwa waigizaji wakubwa sikumwona ambaye lugha hii kaikuta kwao. Ukichukua kitambaa cha watu, walete na wenyewe wakuoneshe kinavyovaliwa.

Hilohilo ndilo lililonisumbua kwenye Mufasa ya 2024. Mwongozaji wake, Barry Jenkins, namheshimu sana kwa picha yake Moonlight. Nilitazama na mtoto wa kaka yangu, ana miaka saba. Alipomsikia yule simba mdogo, mtoto wa mfalme, anaitwa Taka, akanigeukia: "Shangazi, kwa nini mama yake kamwita taka?" Sikuwa na jibu. Wanatafuta nchi ya ahadi, jina lake Milele, na hilo ni zuri, limekaa vizuri mdomoni hata likiimbwa. Kwa pesa zile wangemkalisha mezani Mswahili mmoja tu tangu mwanzo, mtoto asingeniuliza swali lile.

Wakanda Forever ndiyo inayoniuma, kwa sababu nusu yake naipenda kupita kiasi. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme wa Wakanda katika picha ya kwanza, alifariki Agosti 2020, na picha inaanza kwa kumlilia: mji mzima umevaa nyeupe. Kwetu nyeupe ni sanda, sikuhitaji kuelezwa. Nilisimamisha picha, nikaisogeza mbele kidogo kidogo, natazama kitambaa baada ya kitambaa, shanga, mikunjo, namna vazi la mzee linavyotofautiana na la kijana ingawa rangi ni moja. Kazi hiyo ni ya Ruth E. Carter. Kwa mavazi hayo alipata Oscar yake ya pili, Machi 2023, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa nazo mbili. Kofia ile pana ya malkia Ramonda aliitoa kwa kofia za wanawake wa Kizulu walioolewa. Huyu mama akija Zanzibar nitafunga duka nikambebee mikoba.

Halafu ikaja ile vita ya mwisho juu ya meli. Watu wa baharini wanapanda, watu wa Wakanda wanaanguka, na mimi binti wa Kojani nimetulia kabisa. Nguo ikilowa maji ya chumvi huwa nzito, hung'ang'ania mwili, humchosha mtu. Uzito ule sikuuona. Mafundi walewale, nguo zilezile nilizozisimamishia picha, zimefika mwishoni zikakimbizwa.

Shangazi yangu mkubwa anaishi Vuga, karibu na Majestic, ile sinema iliyojengwa upya 1955 baada ya Royal iliyokuwepo hapo kuungua. Yeye alikuwa akienda kwenye maonyesho ya wanawake peke yao, alasiri, mabuibui yamejaa ukumbini, picha za Kihindi. Anasema nusu ya wanawake walikuwa hawatazami hadithi, wanatazama shingo za magauni. Wakitoka hapo wanapitia kwa fundi na mshono uko kichwani, wanauchora hewani kwa kidole, na fundi anakata. Ukumbi mzima wa watu wanaovuta pumzi pamoja ndio ninaouonea wivu zaidi. Mimi nikitaka hivyo lazima nivuke bahari.

Mwezi uliopita kaja msichana dukani na simu mkononi. Kanionesha Princess Irulan wa Dune, yule anayeigizwa na Florence Pugh, amevaa kile kifuniko cha vikuku vidogo vya chuma kinachoteremka kutoka kichwani mpaka kuzunguka uso. Anataka hivyo kwa harusi yake, chini ya shela. Moyo uliniruka. Nilichukua karatasi nikaanza kuhesabu: shanga za fedha za Darajani, uzi wa nailoni, kila kikuku kifungwe kwa mkono ili kianguke chenyewe na kisisimame kama wavu. Nikamwambia wiki tatu. Akasema harusi ni Jumapili.

Nikamrudishia simu yake.