Mwezi ulipoandama kabla sijamaliza

Miaka sita nashona Mbagala, sikuwahi kumwambia mteja "haitawezekana". Anakuja na kitenge chake, nampima kifua, kiuno, nyonga, kisha anauliza, "Lini, fundi?" Mdomo unajibu wenyewe: Ijumaa. Ijumaa ikifika, njoo kesho. Au nasingizia umeme, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. (Mafundi tumeusingizia sana umeme, Mungu atusamehe.)

Halafu ikaja Idi moja. Kumi la mwisho la Ramadhani nilipokea kazi bila hesabu, mifuko ya vitambaa ikajaa hadi chini ya meza. Tegemeo langu lilikuwa mfungo utimie siku 30, nimalizie hiyo ya mwisho. Mwezi ukaandama 29. Usiku ule banda lilifurika watu. Mama mmoja alifuata gauni la bintiye. Halijakatwa hata. Hakufoka. Alichukua kitambaa akakikunja taratibu, akasema, "Ungeniambia tu, fundi, ningemnunulia la dukani." Mtoto amesimama mlangoni, hina bado mbichi mikononi, vidole ameviachanisha visigusane.

Baada ya sikukuu nilinunua daftari. Wiki mbili niliandika kila nguo: saa niliyoanza kukata, saa niliyokaza kifungo cha mwisho. Siku zote nilijua nashona magauni matano kwa siku. Kumbe mawili, la tatu kama halina bitana. Na muda mwingi uliishia kuwatuliza waliokuja kudai nguo zao!

Sasa kila ukurasa ni siku moja, mistari miwili. Ikijaa, nafunua ukurasa mwingine na kumtajia mteja siku iliyopo pale. Jumamosi naiacha wazi kwa kupunguza viuno na kubadili zipu, maana hizo hazina ratiba. Mwezi wa kwanza niliwaona wateja wakivuka barabara kwenda kwa jirani, nami nimeuma ulimi nisiwaite. Kodi ya banda nilichelewesha.

Ramadhani iliyofuata nilibandika karatasi mlangoni: nguo za Idi mwisho mwezi 15. Yule mama akaja mwezi 18. Nikamwambia siwezi. Alinitazama, akacheka, akaenda kwa jirani. Idi ya kuchinja alikuja wiki tatu kabla, na vitambaa viwili: cha mtoto na chake.