Safari ya mashindano ya riadha ya kanda: tufe jepesi na misumari mirefu

Basi liliondoka saa kumi alfajiri, lakini kupakia kulianza tangu saa saba usiku kwa sababu ya upondo, ule ufito mrefu wa kurukia juu. Upondo wa mita 4 haukai ndani ya basi. Tuliufunga juu ya keria ukiwa ndani ya mfuko wake, kamba sehemu tatu, na chini tukatandika godoro jembamba. Ukisuguana na chuma njia nzima hupata mikwaruzo, na siku ya kuruka hukatikia hapohapo penye mkwaruzo.

Kila baada ya saa mbili tulisimama, kila mtu akashuka na kutembea dakika 10. Mkimbiaji akikaa saa nane magoti yamekunjwa, hufika miguu imevimba na mapaja yamekaza, na siku nzima ya kwanza huishia kuyalegeza.

Mpakani kilichotuchelewesha ni barua za ridhaa ya wazazi. Walitaka nakala halisi, moja kwa kila mtoto, si orodha ya majina yenye sahihi ya kocha. Cheti kimoja cha kuzaliwa kilitofautiana tarehe na pasipoti. Pale mpakani hakuna aliyejali, ila kwenye ukaguzi wa umri tuliketi saa nzima. Katika kundi la chini ya miaka 18, anayetimiza miaka 18 ifikapo Desemba 31 ya mwaka wa mashindano hana nafasi. Bahati yetu, tarehe zote mbili zilimwacha ndani ya umri. La sivyo tungekuwa tumemsafirisha mtazamaji.

Kesho yake asubuhi vifaa vilikwenda kupimwa. Kundi hili wavulana hurusha tufe la kilo 5, kisahani cha kilo 1.5 na mkuki wa gramu 700. Wasichana tufe la kilo 3, kisahani cha kilo 1 na mkuki wa gramu 500. Tufe letu la wavulana lilipungua gramu 12. Halikuwa na hila yoyote: lilikuwa limeanguka miaka mingi kwenye zege, rangi ikabanduka, kisha mtu akalipiga msasa kuondoa kutu. Msimamizi akalichora msalaba kwa chaki nyekundu, akalifungia stoo, akatupa risiti. Mrushaji wetu alitumia la waandaaji, ambalo lilikuwa laini na lenye kipenyo kikubwa kidogo, na mirusho miwili ya kwanza ilimponyoka vidoleni. Mzani unaosoma gramu moja moja ungetuonyesha hayo yote tukiwa bado nyumbani.

Kwenye uwanja wa kupashia misuli tuliona timu imepanga viunzi, vile vizuizi vya kurukwa mbioni, kinyumenyume. Miguu ya kiunzi huelekea upande anakotokea mkimbiaji, ili akikigonga kianguke mbele. Kikigeuzwa hakianguki, anaanguka yeye.

Wito wa mita 400 ulikuwa dakika 25 kabla ya mbio. Kwenye chumba cha wito hukaguliwa namba ya kifuani, simu huachwa nje, kisha viatu hugeuzwa juu chini. Kwenye uwanja wenye sakafu ya mpira wa sintetiki msumari wa njumu usizidi milimita 9; warusha mkuki na waruka juu ndio wanaoruhusiwa 12. Wasichana wetu wawili walikuwa na ya 12, waliyoizoea kwenye uwanja wa udongo. Ufunguo wa kufungulia misumari ulikuwa kwenye begi la kocha, na kocha haingii mle. Wa kwanza aliazimwa ufunguo na mpinzani wake, akabadilisha yote. Wa pili misumari yake ilikuwa imeshikana na kutu: ukiulazimisha, msumari huzunguka palepale, kingo zinalika, na ufunguo unakosa pa kushika. Akakimbia na raba. Dawa yake ni kazi ya dakika tano usiku wa kuamkia mbio: kulegeza kila msumari, kusafisha uzi wake kwa mswaki mkavu, kuweka tone la mafuta, na ufunguo kukaa kwenye begi la mkimbiaji mwenyewe.

Mbio za kupokezana kijiti, mita 100 mara nne, ndizo zilizotuuma. Eneo la kukabidhiana lina mita 30, na kinachohesabiwa ni kijiti kilipo, si mwili wa mkimbiaji. Kila mpokeaji hubandika utepe mmoja kwenye njia yake, usiozidi sentimita 5 kwa 40, na mwenzake akiukanyaga tu, yeye anachomoka. Wa tatu wetu alipima nyayo 24 akiwa amevaa raba, kama mazoezini; ila mazoezini mleta kijiti pia huvaa raba. Siku ile alikuja na njumu, upepo ukimsukuma mgongoni, akamfikia mwenzake hata hajashika kasi. Wakabanana, mkono ukagonga kiwiko, kijiti kikaanguka. Aliyekiangusha ndiye anayepaswa kukiokota. Mpokeaji akainama yeye, na bendera ya njano ikapanda. Nyayo mbili zaidi zingetosha.

Tufe tulirudishiwa jioni ya mwisho kwa kuonyesha risiti, msalaba wa chaki bado uko wazi. Likaingia chini kabisa ya buti, upondo ukarudi juu ya godoro lake, na saa mbili usiku tukaanza kuhesabu vichwa.